Rafiki wa Kwaya Hana Kura

Mimi siimbi. Sauti niliyojaliwa inatosha kumwambia konda nashuka. Hata hivyo niko kwenye Marafiki wa Kwaya hapa parokiani kwetu Dar es Salaam, kikundi chenye daftari lake, mweka hazina wake, ada ya kila mwezi, na kundi la WhatsApp lenye makelele kuliko mazoezi yenyewe.

Waumini wengi wanaiona kwaya Jumapili ikiwa ndani ya sare, na tena siku ya uzinduzi wa albamu, mgeni rasmi yuko meza kuu na bahasha zinapita. Ndiyo maana michango inaelekea huko. Uzinduzi una raha yake, sikatai: MC anakutaja jina, vigelegele vinapigwa, unainuka kwenda kutunza. Ila ahadi ya kwenye kipaza sauti hailazimiki kufika kwa mweka hazina. Mgeni rasmi mmoja alituahidi kinanda kipya, akaimbiwa, akapigwa picha na kwaya nzima. Kinanda chenyewe hatujakiona. Cha zamani kinatumia adapta ya kuazima tangu umeme ulipokatika, ukarudi kwa nguvu na kuunguza ya kwake.

Ukitaka kujua afya ya kwaya, nenda mazoezini Jumatano jioni ukahesabu besi. Kwetu mazoezi ni mara tatu kwa wiki, na vijana wengi wanapanda magari mawili kuja, mawili kurudi. Desemba 2023, nauli ya daladala kwa safari fupi ilipopanda kutoka shilingi 500 hadi 600, watu waliiona mia tu. Kwa mwanakwaya wa magari manne, mazoezi ya mwezi wa wiki nne yalitoka shilingi 24,000 yakafika 28,800, na huyo ni kijana anayetembeza bidhaa Kariakoo au bado yuko chuo. Hakuna anayesimama kusema naacha kwaya kwa ajili ya nauli. Atasema ana mitihani, wiki inayofuata mama anaumwa, baada ya hapo simu yake haipokelewi. Viongozi walikuwa wanamwandika mtoro.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya ada yetu sasa inaishia kwenye nauli. Viongozi wa sauti ndio wanaojua nani amekwama. Wanatuletea majina pembeni, na mweka hazina anatuma kwa simu mapema, ili mtu asiitwe mbele ya wenzake kupokea hela ya daladala. Utaratibu huu ulipigiwa kelele. Wapo marafiki waliotaka fedha yao ionekane, inunue spika au kibanda chenye bango. Mimi nilikuwa upande wa nauli na bado nipo. Spika haiimbi.

Tulipokuwa tunajiandaa na Aleluya Kuu ya Handel kwa Pasaka, nilikaa mazoezini jioni nzima nione fedha inafanya nini. Mwalimu anachora nota ubaoni, d r m, kila sauti inafundishwa peke yake. Sauti ya kwanza wanadaka upesi, wanabaki kupiga soga na kuonyeshana simu. Sauti nyingine wanarudia kipande kimoja mpaka mlinzi wa getini anakiimba. Wimbo ule una kurasa nyingi, na nakala moja ikigombewa na watu watano, anayesoma ni mmoja, wengine wanabahatisha kwa kumsikiliza. Fotokopi ikaingia kwenye bajeti yetu usiku uleule, pamoja na maji ya kunywa, maana mtu aliyetoka kazini moja kwa moja hawezi kuimba saa mbili na koo kavu.

Sare nayo ina hesabu yake. Kitambaa kinanunuliwa Kariakoo kwa idadi ya waimbaji waliopo. Miezi michache baadaye wanajiunga wapya, mnarudi dukani na kipande cha mfano mkononi, muuzaji anaapa ni kilekile. Fundi akishona, mkisimama juani mbele ya kanisa, bluu zinakuwa mbili. Siku hizi marafiki tunalipia mita za akiba kutoka jora lilelile, siku ileile. Mama mmoja kwenye kikundi anazitunza kabatini kwake na hamkatii mtu bila karatasi ya katibu.

Si kila rafiki anatoa fedha. Tunaye mzee mstaafu, karani wa zamani, ambaye mchango wake mkubwa ulikuwa kuwakalisha mwalimu na viongozi waandike ni nyimbo zipi mwalimu alizitunga na kwaya inaruhusiwa kuzitumia vipi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mtunzi, na kwaya nyingi hulikumbuka hilo mwalimu akishahamia kwaya nyingine.

Ukijiunga utaambiwa jambo moja kabla hujaandikwa daftarini: marafiki hatuchagui wimbo, hatuchagui mwimbishaji, na kwenye mkutano wa kwaya tunakaa kusikiliza. Lilipitishwa kwa ubishi mkali. Rafiki mmoja mwenye uwezo, aliyekuwa akitoa kuliko sisi sote, alitaka binti yake apewe kipande cha kuimba peke yake kwenye albamu. Mwalimu alimsikiliza binti, akasema bado. Baba akasusa na ada yake akaondoka nayo. Robo mwaka ile hatukuweza kulipa nauli zote. Wapo waliosema tungemkubalia tu, kipande chenyewe kifupi. Lakini mwalimu angeondoka, na waimbaji waliokuwa wakisubiri zamu yao kwa miaka wangemfuata. Binti mwenyewe hakutoka. Yuko sauti ya pili, na kwenye albamu iliyofuata mwalimu alimpa beti mbili.