Mbegu Moja Kila Jioni



Kutoka Sake tulipanda milima hadi Mushaki. Baridi ilitupokea, na malisho ya ng'ombe yalitanda pande zote. Huko ndiko inakotoka jibini ya Masisi inayouzwa Goma. Tuliwapisha vijana wenye chukudu zilizojaa viazi. Baada ya Masisi-centre na Nyabiondo, barabara ilishuka, joto likaongezeka, na msitu wa Walikale ukaanza. Hiyo ndiyo teritware kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini, na mvua ikinyesha, matope hugeuza safari fupi kuwa ya siku nzima.

Njiani tulilala kwa mama mmoja aliyewahi kukimbia vita mara tatu. Tulipomaliza kula ugali na sombe, alileta kopo. Kila jioni huweka ndani mbegu moja ya maharagwe, akitaja jambo moja la kumshukuru Mungu.

"Miezi ya kwanza kambini sikuweza kusema aksanti, hata katika sala," alituambia. "Siku moja nilishukuru kwa maji ya mvua tu. Kesho yake, kwa kuni."

Siku asiyoona kitu, humwambia Mungu hivyo, wala haweki mbegu. Msimu wa kupanda ukifika, maharagwe yale huenda shambani.

Walikale tuliwauliza wamama: je, kushukuru si kuficha machozi? Mmoja, ambaye mihogo yake iliibiwa yote, alijibu: "Simshukuru Mungu kwa ajili ya vita. Ninamshukuru kwa jirani aliyenipa miti ya muhogo nipande tena." Ndipo tulipomwelewa Paulo alipowaandikia Wathesalonike. Aliwataka washukuru katika kila hali. Hakusema kila hali ni njema.

Mwaka 2025 vita vilipofika Masisi-centre mwezi wa Januari, na Walikale-centre mwezi wa Machi, tuliwakumbuka wamama hao. Hatukuwa na maneno makubwa ya kuomba. Tulitafuta kopo, tukaanza na mbegu moja.

Mama, jaribu juma hili pamoja na watoto. Usingoje jambo kubwa. Taja maji, taja jirani. Wakoma kumi waliponywa, na mmoja tu alirudi kwa Yesu kusema aksanti. Nasi turudi, jioni baada ya jioni.