Kamba ya Mbuzi

Mwaka uliopita nalikwenda dukani kununua kamba ya kumfungia mbuzi wangu. Mwenye duka akaniwekea mbili mbele yangu, moja ya katani, ya pili ya nailoni. Ile ya nailoni ilikuwa rahisi, tena haiozi upesi kwa mvua, nikaichukua. Njiani moyo ukanichoma, maana katani ndiyo iliyonilea na kunisomesha.

Marehemu baba yangu alitoka Kigoma mwaka wa 1952 akaja Tanga kwa mkataba, mmoja wa wale walioitwa manamba. Kazi yake ilikuwa kukata mkonge, kuyafunga majani mafungu ya 30, na kuyachukua begani hata penye reli, yapelekwe kwenye korona, mtambo uyapondao na kutoa singa. Mkonge nao ulikuwa mgeni kama yeye. Uliletwa na Dkt. Richard Hindorf mwaka wa 1893. Mwaka wa 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000, na wakulima wa ng'ambo walifunga majani makavu ya mifugo yao kwa nyuzi zetu.

Kisha zikaenea nyuzi walizobuni wenye elimu, zitokanazo na mafuta ya petroli, zisizotaka panga wala mgongo wa mtu. Bei ya katani ikaanguka. Sisemi ndiyo sababu ya pekee. Baada ya mashamba mengi kutaifishwa mwaka wa 1967, uongozi nao ulikuwa na kasoro zake. Lakini katika miaka ya 1990 mazao hayakufika hata robo ya yale ya zamani.

Shamba alilofanyia baba kazi lilifungwa mwaka wa 1986. Hakupoteza mshahara tu. Nyumba ilikuwa ya shamba. Na huko kwao, ndugu zake walikuwa wamekwisha kugawana ardhi. Majirani wakamfariji wakisema, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi." Akawajibu, "Koleo langu halikuvunjika. Wanunuzi wa majembe ndio wasiokuja tena." Tangu siku ile hata kufa kwake aliamka saa ile ile ya kengele ya zamani, akaketi nje akinoa panga lisilo na kazi.

Je, nyuzi mpya ni dhambi? La, hasha. Korona nayo ni mtambo, na bila ya mtambo huo baba asingalipata kazi. Neno linalonisumbua ni hili: faida ya kamba rahisi tumeipata watu wengi, kila mtu kidogo, hasara imewaangukia wachache, nao wameibeba peke yao. Mimi mwana wake nimo katika hao waliofaidi.

Katika Injili twasoma habari za watu waliosimama sokoni mchana kutwa kwa kuwa hakuna aliyewaajiri. Mwenye shamba hakuwapita. Aliwaita, naye akawapa ujira uliotosha siku yao. Basi, walimu wenzangu, tunapowasifia watoto mitambo mipya, nayo yastahili sifa, tuwafundishe pia kuuliza: yule aliyekuwa akiifanya kazi hii kwa mikono yake, sasa atalala wapi, na nani atamgawia katika faida hii?

Kamba ile ingali shingoni mwa mbuzi. Ni imara sana.