Land Rover Kuukuu, Kuni Kavu na Programu ya Mistari 40

Wadau, leo tuweke kando mambo ya seva na hifadhidata. Nataka kuwaeleza habari za kompyuta ndogo kuliko zote nilizowahi kuziandikia programu. Imefungwa ndani ya Land Rover na kazi yake ni moja tu: kuzima injini.

Gari lenyewe ni Series III ya petroli, lita 2.25, mali ya marehemu baba. Huenda liliunganishwa hapa hapa Thika, maana kiwanda cha Leyland Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1974 na ambacho baadaye kiliitwa Kenya Vehicle Manufacturers, kiliunganisha Land Rover. Lilikaa kwa mama miaka mingi, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Ndugu zangu walitaka liuzwe kwa bei ya chuma chakavu. Mama akakata shauri: "Kama halina kazi, liende." Basi nikalitafutia kazi.

Kazi ilikuwapo. Mama ana mtungi wa gesi, lakini kupikia githeri ya saa tatu hataki. Anasema gesi ni ya chai. Kuni zake zilikuwa mbichi, na moshi ulimkohoza mpaka usiku. Karibu nusu ya uzito wa kuni mbichi yaweza kuwa maji. Moto hupoteza nguvu kuyachemsha kabla ya kuipasha sufuria, na kuni isiyopata joto la kutosha hufuka moshi. Dawa ni kuikata vipande vifupi, kuipasua na kuipanga penye upepo chini ya paa, hadi maji yashuke chini ya asilimia 20.

Kuni tunazitoa Ruiru ninakoishi. Mji huu uliwapa wakulima aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11 mwaka 1985, na sasa mibuni inang'olewa kupisha nyumba. Mti wa mbuni ni mgumu na makaa yake hukaa. Ila mizizi hatuigusi: huficha mawe, na jiwe likikutana na msumeno, ni hatari.

Sasa tuje kwenye ufundi. Land Rover ilipozinduliwa mwaka 1948 ilimlenga mkulima, kwa hiyo giaboksi yake ina mahali pa kutolea nguvu ya kuendesha mashine nyingine. Gari linasimama, giaboksi ndogo inawekwa katikati, magurudumu hayapati nguvu, lakini puli ya nyuma inazunguka. Breki ya mkono nayo hushika shafti ya nyuma, hivyo gari halisogei. Tuliongeza vigingi kwenye magurudumu hata hivyo.

Fundi wa jua kali pale Thika alitengeneza meza ya msumeno wa duara wenye kipenyo cha sentimita 60. Nikapiga hesabu: ukizunguka mara 1,500 kwa dakika, meno yake yanakwenda mita 47 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 170 kwa saa. Kwa mwendo huo hakuna askari wa Thika Road angekuachilia! Fundi aliona kifuniko kinachelewesha kazi. Nilimwambia, "Mzee, bila kifuniko silichukui." Akakichomelea.

Hapo ndipo programu inapoingia. Injini inayofanya kazi gari likiwa limesimama hupata joto haraka. Sensa moja inapima joto la maji ya rejeta, na swichi moja inaangalia kama kifuniko kimefungwa. Kila nusu sekunde programu inasema "sawa", na rilei inaendelea kupeleka umeme kwenye koili. Ikinyamaza, au waya ukikatika, au betri ya kompyuta ikiisha, rilei inaachia na injini inazimika. Kitu kikiharibika, kiharibikie upande wa usalama.

Kitufe chekundu cha dharura nimekiunga moja kwa moja na koili. Hakipiti kwenye programu kabisa. Kuandika programu ndiyo kazi yangu ya kila siku, ndiyo sababu. Na injini ikizimika, msumeno bado unazunguka kwa muda. Hakuna anayeusogelea mpaka utulie.

Kujua kuni zimekauka ni rahisi kuliko mnavyodhani. Chagua vipande vichache, vitie alama, uvipime kwa mizani ya jikoni kila Jumamosi. Uzito ukiacha kushuka wiki mbili mfululizo, viko tayari.

Siwezi kusema moshi umeisha kwa mama. Umepungua, naye analala vizuri zaidi. Bado jiko lake linahitaji bomba la kutolea moshi, na hiyo ndiyo kazi ya mwezi ujao. Hiyo haihitaji programu, inahitaji ngazi na mabati. Kuku, nao, wamehamia kwenye pikapu ya jirani.