Kusaka BMX Ng'ambo, spana namba 17 mfukoni

Ukimwambia mtu wa bara unaishi Zanzibar, akili yake inakimbilia Forodhani, pweza wa kuchoma na milango ya njumu ya Mji Mkongwe. Sawa, hatukatai. Lakini mimi ni mtu wa Ng'ambo bwana, na wiki hii nakuvusha upande wetu. Kata barabara ya Benjamin Mkapa, ile ambayo wazee bado wanaiita Creek Road. Zamani hapo palikuwa na mkono wa bahari, ndiyo maana huku kukaitwa ng'ambo. Maji yalifukiwa, jina likabaki.

Safari yenyewe si ya utalii. Mtoto wa dada yangu, miaka 14, ameshikwa na homa ya BMX. Si baskeli ya kutumwa dukani, la! Ni ile ya kuruka, kuzungusha usukani hewani na kutua kama paka. Alikuwa na shilingi 180,000 za kwake mwenyewe, za kuuza visheti na kashata Ramadhani mbili. Dada akaniita pembeni: "Wewe ndiye mjomba wake, nenda naye. Lakini mtoto akirudi bila ya meno, kwangu usije."

Hayo ya meno hakuyatoa hewani. Mtaa wa pili yuko kijana aliruka baraza na baskeli mpya inayong'ara, foku ikakatika shingoni, akapokewa na sakafu. Meno mawili ya mbele, kwaheri.

Kwa wazee wanaosema mchezo huu ni uhuni, wajibuni hivi. Ulizaliwa California, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 70, watoto wasiokuwa na pikipiki walipoanza kuiga mashindano ya pikipiki za vumbi kwa baskeli zao. Mbio za BMX ziliingia Olimpiki Beijing mwaka 2008, na huu wa mbwembwe ukaingia katika michezo ya Tokyo 2020, iliyochezwa 2021. Uhuni gani unapewa medali ya dhahabu?

Tukaanzia Darajani. Jamani, Darajani kelele tupu, huku samaki, kule kandambili, na katikati baskeli zimening'inizwa kama nguo za mtumba. Muuzaji akatutolea moja nyekundu, ina shokapu mbele, shokapu katikati, gia, na kibandiko kikubwa "BMX". Bei 160,000. Mpwa wangu macho yakamtoka.

Nikamvuta mkono. Msomaji, shika hili: BMX ya kuchezea haina shokapu wala gia. Shokapu za bei chee ni uzito wa bure, ukitaka kuruka zinakula nguvu yako yote. Na kibandiko si chuma. Kinachotafutwa ni kromoli, chuma chepesi kisichopinda ovyo, mara nyingi huandikwa 4130 kwenye fremu. Ukipata fremu nzima ya kromoli kwa pesa ya visheti, shukuru Mungu. Kwa anayeanza, fremu ya chuma cha kawaida inavumilika, ila foku na usukani vikiwa kromoli ndiyo salama yako, kwa sababu hapo ndipo kishindo kinapotua.

Tukapanda kuelekea Michenzani. Mgeni lazima asimame pale kwenye mzunguko wa barabara, ule wenye mnara wa miaka 50 ya Mapinduzi, aangalie majumba yale marefu yaliyolala pande nne kama treni. Ndivyo tunavyoyaita, treni. Yalianza kujengwa enzi za Mzee Karume, ramani ya Wajerumani Mashariki. Waliochora sidhani kama waliwawaza watoto wa baskeli, lakini wamewapa kitu ambacho Mji Mkongwe hauna, nafasi! Kule vichochoroni ukiinua tairi la mbele tu umeshamgonga mtalii. Jioni baada ya alasiri, huku vijana wanapeana zamu kwenye saruji, baskeli moja watu sita.

Pale chini ya treni kuna fundi, mtu mzima, mikono myeusi kwa grisi. Nikamwamkia, nikamweleza shida. Hakuniuliza pesa wala rangi. Akatumbukiza mkono kwenye kopo, akanipa spana namba 17.

"Mwanangu, nati ya gurudumu la nyuma ikiingia spana hii, ekseli yake kwa kawaida ni nene, milimita 14. Ikiingia namba 15, ekseli nyembamba hiyo, itapinda wiki ya kwanza. Nenda, kisha unirudishie spana yangu."

Huo ndio ujanja niliokuwa nautaka! Tukadandia daladala hadi Mwanakwerekwe, kwenye mitumba iliyotoka Ulaya. Kule ni kuchimbua. Baskeli za kwanza tano zote namba 15. Ya sita ilikuwa nyeusi, chafu, tairi zimekufa pumzi, wala hakuna aliyekuwa akiitazama. Spana ikaingia tuu!

Tukaanza kuikagua. Magurudumu inchi 20, maana BMX ya mtu mzima na ya kijana ni hayo hayo. Kinachobadilika ni urefu wa bomba la juu, kutoka katikati ya shingo hadi katikati ya bomba la kiti. Hii ilikuwa inchi 20 na nusu, saizi ya dogo na anazidi kurefuka. Mikono ya pedeli ilikuwa ya vipande vitatu; ile ya chuma kimoja kilichopindwa kama herufi Z iache, ukitua vibaya inakunjika. Nikachomoa kiti nikachungulia ndani ya bomba. Hapa kisiwani chumvi inakula chuma kimya kimya, nje rangi safi na ndani vumbi jekundu. Kutu ilikuwapo kidogo, ya kufutika. Mwisho nikapitisha kucha pale fremu inapoungana na shingo. Rangi ikiwa na ufa mwembamba hapo, rudisha pesa mfukoni uondoke, hata ukipewa kwa nusu bei. Haikuwa na ufa.

Bei? 210,000. Tukavutana mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Muuzaji akitaka kwenda kuswali, nasi hatutaki kuondoka, akakubali 165,000. Mpya ya majina makubwa ya nje ni dola 400 hivi, zaidi ya milioni moja ya kwetu kabla hujalipia meli. Visheti vya Ramadhani ngapi hivyo?

Ile 15,000 iliyobaki ilikwenda kwenye grisi, gololi na waya wa breki. Wajuzi wengi wa mchezo huu hutoa breki zote ili usukani uzunguke bila ya waya kujifunga. Mpwa wangu naye akaomba itolewe. Fundi akacheka, akamwonyesha barabara: daladala, Vespa, gari la ng'ombe limebeba matofali. Breki ya nyuma ikafungwa, na spana ikarudi kwenye kopo.