Vyumba Viwili vya Kaaleng



Kaaleng iko Turkana Kaskazini, mbele ya Lodwar, na atokaye Mombasa huihesabu safari yake kwa siku, si kwa saa. Mimi na mke wangu tulilala kwanza Lodwar, mji wa mto Turkwel na makao makuu ya kaunti. Wageni hawakatiki hapo. Wako wafanyakazi wa mashirika waendao Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992, na Kalobeyei iliyo jirani yake. Wako watu wa mafuta ya Lokichar, na madereva wa kila namna. Nyumba za kulaza wageni basi si chache. Ile tuliyoipata sisi sitaitaja. Mlango wa chumba haukuwa na komeo, aliyetupokea hakutuuliza jina wala kitambulisho, na usiku kucha watu waliingia na kutoka. Mke wangu alisukuma sanduku mlangoni akaketi juu yake. Nikamwambia alale.

“Wewe lala, Baba watoto,” akanijibu. “Anayebisha saa hizi habishi kwa ajili yako.”

Akakaa vivyo hivyo mpaka Alfajiri.

Siku ya pili tukashika njia ya kaskazini. Njia ile hukata malaga, yaani mito ya mchanga ikaayo mikavu mpaka mvua inyeshe mbali, kisha maji yakaja kwa ghafla. Nilifurahi kuuona mswaki umejiotea porini. Waturkana huuita mti huo esekon, nao husafishia meno vijiti vyake kama tufanyavyo sisi.

Kaaleng tulipokewa na bibi mmoja Mwislamu, mjane, mwenye duka la unga, sukari na majani ya chai. Nyuma ya duka ana vyumba viwili ambavyo huwapangisha kwa usiku mmoja au miwili walimu, wauguzi na wanunuzi wa mbuzi. Chumba kimoja ni cha wanawake peke yao, na komeo lake liko ndani. Ana daftari la shule ambamo huandika jina la mgeni, nambari ya kitambulisho, atokako na aendako. Hakuna aliyemwamrisha.

“Sheikh, mtu akipotea njiani, jamaa zake watakuja kuniuliza mimi,” alisema.

Usiku ule mke wangu alilala fofofo.

Kabla ya kulala, baada ya Isha, bibi alituuliza jambo. Amesikia redioni kwamba kila anayelaza wageni lazima ajisajili. Je, na yeye ni mmoja wao?

Habari hiyo ina asili yake. Sheria ya Utalii ya mwaka 2011 iliunda Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, ambayo hutoa leseni kwa mahoteli na nyumba za wageni. Mwezi wa Januari 2024, baada ya wanawake wawili kuuawa Nairobi katika nyumba za kupangishwa kwa siku, serikali ilitangaza kwamba wenye nyumba za namna hiyo wajisajili. Leseni za biashara na utalii wa mahali nazo ni kazi ya kaunti, na Katiba, katika ibara ya 196, hulilazimisha bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi. Maana yake ni kwamba bibi huyu ana haki ya kusikilizwa kabla hajaandikiwa kanuni.

Dini haikulinyamazia jambo hili. Katika Suratun-Nur, aya ya 27, tumekatazwa kuingia nyumba za watu mpaka tubishe na tuwatolee salamu wenyewe. Aya ya 29 ikaruhusu nyumba zisizokaliwa ambazo tuna manufaa nazo, na wafasiri wakataja humo nyumba za wasafiri. Mtume (s.a.w.) akatufunza kwamba ugeni ni siku tatu, na kwamba si halali kwa mgeni kukaa mpaka akamtia mwenyeji wake katika dhiki. Kwa hivyo mgeni naye amewekewa mpaka. Wazee wa Lamu waliujenga mpaka huo kwa mawe: mgeni alikuwa na sabule yake, na ndani kukabaki kwa wenyewe. Waturkana wameujenga kwa matawi. Kila mke katika boma ana kibanda chake cha kulala, akai, na kivuli cha mchana, ekol, wala mgeni hajiingilii tu.

Rai yangu ni kwamba daftari, komeo na chumba cha wanawake vinastahili kuwa sheria. Lakini kumtoza mwenye vyumba viwili Kaaleng ada ile ile ya mwenye ghorofa Nairobi ni dhuluma. Bibi alisema atafunga. “Na nikifunga, mwalimu wa kike atalala wapi?”

Huku kwetu Pwani mashaka ni mengine. Katika jumba la familia, nyumba moja ikipangishwa kwa usiku, mama hajui atakutana na nani ngazini. Mimi naona majirani waulizwe kwanza. Mke wangu hakubali. Asema wako wajane wengi Mombasa ambao kodi hiyo ndiyo karo ya watoto wao, na majirani huwa wepesi wa kukataa. Tumebishana hayo kutoka Kaaleng mpaka nyumbani, na bado.

Bibi hawezi kufunga duka aende Lodwar kwa ajili ya mkutano. Basi nilimwandikia barua kwa Karani wa Bunge la Kaunti, yeye akisema nami nikiandika kwa mwanga wa kurunzi. Nilipotaka kuingiza aya, alinizuia.

“Hao si wote Waislamu, Sheikh. Waandikie habari za komeo.”

Nikaandika habari za komeo. Akatia sahihi, akaikunja barua akanipa niipeleke Lodwar. Kisha akalifungua daftari lake, akamgeukia mke wangu, kwani nambari ya kitambulisho chake alikuwa hajaiandika.