Dawa ya Mama na Thamostati Mpya

Friji ya nyumbani kwetu huhifadhi insulini ya mama. Chupa ambazo hazijafunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na dawa hiyo ikiganda haifai tena kutumiwa. Kwa hiyo fundi alipotubadilishia thamostati, kisha mashine ikanguruma saa nyingi bila kupumzika, tulihamishia dawa kwa jirani kwanza, ndipo tukatafuta sababu.

Thamostati hiyo ina mrija mwembamba wenye gesi, ambao ncha yake hugusa ukuta unaogandisha. Ukuta ukipoa vya kutosha, shinikizo la gesi hupungua na umeme wa kompresa hukatwa. Tulichomoa plagi, tukafungua kifuniko, tukaikuta ncha ikining'inia mbali na ukuta. Haikuihisi baridi, basi kompresa haikusimama.

Tuliibana mahali pake, tukasubiri dakika 10, tukawasha. Kipimajoto tulichokitumbukiza katika glasi ya maji, rafu ya kati, asubuhi kilisoma nyuzi 5. Ndipo dawa ikarudi.

Ndugu msomaji, dawa ya mzazi ni amana. Friji ikitoka kutengenezwa, ipime usiku mzima kabla ya kuikabidhi amana hiyo.