Themu Mtoto: Somo Nililopewa na Binti Yangu



Ndugu zangu wasomaji, wazazi kwa vijana, leo nawaletea kisa changu mwenyewe. Si kisa cha kujisifu, maana sehemu kubwa ni makosa yangu. Nimeona nikiandike kwa sababu najua katika misikiti na madrasa zetu nyingi kuna mtu mmoja kama mimi, asiyesomea kompyuta, ambaye jamaa wamembebesha tovuti ya jumuiya wakamwambia, "Wewe unaweza."

Mimi naishi Kanama, karibu na soko la Mahoko, kwenye barabara inayotoka Musanze kwenda Gisenyi. Mchana nina duka dogo la daftari na kalamu, jioni nafundisha watoto madrasa. Mwaka 2016 kamati yetu iliniomba nitengeneze tovuti. Sababu ilikuwa ya kweli: watu wetu wametawanyika. Wengine wako Kigali, wengine wamevuka mpaka wako Goma, wengine wamefika Mombasa na Oman. Walitaka mahali pa kuona ratiba ya swala, matangazo ya ndoa na misiba, na namba ya simu ya kutumia michango ya ada za shule za mayatima.

Nikachagua WordPress, programu ya bure iliyoanza mwaka 2003 na ambayo inatumika na watu wengi sana duniani. Ndani yake kuna kitu kinachoitwa themu. Themu ni vazi la tovuti. Maneno na picha zako ndio mwili; themu ndiyo inayoamua rangi, ukubwa wa herufi, jina likae wapi na menyu ikae wapi. Nikachukua themu moja ya bure, nzuri, lakini haikuwa yetu. Nilitaka rangi ya kijani, na nilitaka ratiba ya swala ikae juu kabisa ya kila ukurasa, ili bibi aliyeko Goma akifungua tu aione bila kutafuta.

Basi nikaingia kwenye kihariri cha faili za themu, humo humo ndani ya WordPress, nikaanza kukata na kupachika. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017 kihariri hicho kilianza kutoa onyo: usibadilishe faili hizi moja kwa moja, mabadiliko yako yanaweza kupotea. Chini yake kuna kitufe cha kusema umeelewa. Nikabonyeza kwamba nimeelewa. Ukweli ni kwamba sikuelewa chochote, nilitaka tu onyo liondoke.

Siku chache kabla ya Ramadhani ya mwaka 2019 niliona taarifa kwamba themu yangu ina toleo jipya. Nikabonyeza "sasisha". Baada ya sekunde chache nikafungua tovuti: kijani hakuna, jina la Kiarabu hakuna, ratiba ya swala hakuna. Kazi ya miaka mitatu imekwenda. Sababu yake ni rahisi. Themu ikisasishwa, WordPress hufuta folda ya zamani na kuweka mpya mahali pake. Haiulizi ndani ya folda kuna mkono wa nani. Yote niliyokuwa nimeandika kwenye faili zake yalifutwa pamoja nayo, na nakala sikuwa nayo.

Usiku ule simu hazikukoma. "Mwalimu, ratiba iko wapi?" Nilikaa siku tatu nikiandika upya kwa kukumbuka kumbuka. Nilipomaliza nikafanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Nikaapa kwamba sitasasisha tena themu ile.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Masasisho hayaji kwa ajili ya urembo tu. Mara nyingi huja kwa sababu limegunduliwa tobo ambalo mwizi anaweza kupitia, na watengenezaji wameliziba. Ukikataa kusasisha, wewe peke yako ndiye unayebaki na tobo, na wezi wanajua hivyo, kwa sababu marekebisho yakishatangazwa, tobo nalo linakuwa limetangazwa.

Mwaka 2021 mzee mmoja wa kamati aliniita baada ya swala ya Isha. Akanionyesha simu yake kimya kimya. Chini ya tovuti ya msikiti, chini ya majina ya watoto yatima tunaowasomesha, palikuwa na mistari ya matangazo ya kamari. Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee hakunikaripia. Aliuliza swali moja tu: "Mwalimu, kama wameweza kuandika haya, je, hawawezi kubadilisha namba ya sadaka?"

Swali lile lilininyima usingizi. Namba ilikuwa haijaguswa, alhamdulillah, lakini ilikuwa kwenye tovuti hiyo hiyo, nyuma ya mlango huo huo uliovunjwa. Mtu wa Muscat anatuma fedha za mtoto wa shule, zinaingia kwa mwizi, na mwenye lawama ni mimi niliyeona uvivu wa kujifunza.

Binti yangu wakati huo alikuwa anasoma kompyuta Kigali. Nikampigia. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba, pole. Kosa lako si kutaka kubadilisha. Kosa ni kwamba unapaka rangi nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba akija kukarabati, rangi yako inakwenda na plasta." Akaja mwishoni mwa wiki ile. Kwanza tukasafisha: tukabadilisha nywila zote, tukafuta themu ile iliyoharibiwa, tukaweka WordPress upya na themu safi toleo jipya, tukakagua watumiaji wote na kumwondoa mmoja ambaye hakuna aliyemjua. Kisha akanifundisha kitu kinachoitwa themu mtoto.

Nitaeleza kama alivyonieleza mimi. Themu uliyopakua ndiyo mama. Humgusi. Pembeni yake unatengeneza folda nyingine ndogo, hiyo ndiyo mtoto. Mtoto anarithi kila kitu kutoka kwa mama: rangi, mpangilio, menyu, yote. Wewe unaandika kwa mtoto yale machache tu unayotaka yawe tofauti. WordPress ikitaka kuonyesha ukurasa, humwuliza mtoto kwanza: una faili hii? Kama anayo, inatumika ya kwake. Kama hana, inachukuliwa ya mama. Siku mama akisasishwa, folda yake inafutwa na kuwekwa mpya kama kawaida, lakini folda ya mtoto haiguswi.

Hatua tulizofuata ni hizi:

1. Kabla ya chochote tulichukua nakala ya tovuti yote, faili pamoja na hifadhidata, tukaiweka kwenye flashi na kwenye kompyuta ya dukani. Majaribio yote tuliyafanya kwenye nakala hiyo ya dukani, si kwenye tovuti ambayo watu wanaisoma.

2. Ndani ya wp-content kuna folda ya themes. Humo tulitengeneza folda mpya na kuipa jina.

3. Ndani ya folda hiyo tuliweka faili linaloitwa style.css. Juu yake kuna mistari miwili ambayo lazima iwepo. Mmoja, Theme Name, ni jina la mtoto. Wa pili, Template, ni jina la folda ya mama. Hapa kuwa makini: ni jina la folda, herufi kwa herufi, si jina zuri unaloliona kwenye orodha. Ukikosea herufi moja, mtoto anakosa mama na hafanyi kazi.

4. Tuliweka faili la pili, functions.php, lenye mistari michache ya kuagiza mitindo ya mama na ya mtoto isomwe kwa mpangilio. Themu nyingine hufanya hivyo zenyewe, nyingine hazifanyi. Soma maelezo ya themu yako. Mafunzo ya zamani yanafundisha amri ya @import ndani ya style.css, lakini njia hiyo haishauriwi siku hizi kwa sababu inachelewesha ukurasa kufunguka.

5. Tuliwasha themu mtoto. Mama habanduliwi, anabaki pale pale. Ukimfuta, mtoto hana wa kumtegemea. Menyu zilihama mahali, tukazirudisha. Hilo ni la kawaida.

6. Kwa ratiba ya swala tulinakili faili la header.php la mama tukaliweka kwa mtoto, tukaongeza ratiba kwenye nakala hiyo.

Hapo nikaona nimekuwa fundi. Binti alipokwenda kupika chai nikanakili functions.php nzima ya mama nikaibandika kwa mtoto, nikidhani ndivyo inavyofanywa kwa kila faili. Skrini ikawa nyeupe tupu. Akarudi akacheka. Akaniambia faili hilo ni tofauti na mengine: la mtoto halichukui nafasi ya la mama. Yote mawili husomwa, la mtoto likitangulia. Ukiandika kitu kile kile kwa jina lile lile mara mbili, programu inakataa na kusimama. Kwa mtoto unaweka nyongeza zako tu. Nilishukuru kwamba tulikuwa kwenye nakala ya dukani.

Akanipa na tahadhari nyingine ambayo wengi hawaambiwi. Faili lolote unalolinakili kwa mtoto linakuwa jukumu lako. Mama akirekebisha header.php yake, nakala yako haipati marekebisho hayo. Kwa hiyo nakili machache iwezekanavyo, na kila baada ya sasisho kubwa linganisha. Na kama unachotaka ni rangi tu, huenda huhitaji mtoto kabisa. Tangu mwisho wa mwaka 2016 WordPress ina sehemu ya CSS ya ziada, ambayo huhifadhiwa kwenye hifadhidata na haifutwi na sasisho la themu. Vilevile themu za vitalu zilizoingia mwaka 2022 zinakuruhusu kubadilisha mpangilio kwenye kihariri cha tovuti, na mabadiliko hayo nayo huhifadhiwa nje ya folda ya themu. Mwenye kuanza leo aangalie kwanza njia hizo.

Sasa niwaambie ilitufaa vipi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Watu zaidi ya 130 walifariki nchini. Hapa kwetu mto Sebeya ulifurika, ukaingia majumbani. Siku zile tovuti yetu ndogo ilikuwa na kazi: familia ipi iko wapi, nani anahitaji magodoro, nani unga, na namba ya kutuma msaada. Katikati ya shughuli hiyo ikatokea taarifa ya sasisho la themu. Zamani ningeahirisha kwa woga. Safari hii nilichukua nakala, nikabonyeza, nikafungua ukurasa. Kijani kipo. Ratiba ipo. Namba ipo, na ni yetu. Nikazima kompyuta nikaenda kusaidia kutoa matope.

Mzee yule wa kamati hajui themu mtoto ni nini, wala sikumweleza. Aliniuliza tu, "Namba ni salama?" Nikamwambia, "Inshaallah ni salama, Mzee, na leo nimekagua." Akaridhika.

Wazazi wenzangu, kuna jambo moja nimelibeba kutoka katika haya. Nilikuwa nikidhani kufundisha ni kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Niliona haya kumwuliza binti yangu tangu mwaka 2019, na haya yangu ikaigharimu jumuiya miaka miwili. Kama una kijana anayejua, mwite, keti chini, uliza. Na nyinyi vijana, mkiulizwa na baba zenu, jibuni kwa upole kama nilivyojibiwa mimi. Tulichowalea nacho mmebaki nacho, na mliyoyaongeza wenyewe yanatufaa sote.

Aliye na tovuti ya msikiti au madrasa aanze kesho kwa jambo moja: achukue nakala.

Wabillahi tawfiq.